Mbio Zilizotangulia Kuandikwa

Hakuna mtu aliye hai anayezijua mbio za Ndahani kama ninavyozijua mimi, maana nilisimuliwa na watu walioziona kwa macho yao. Ni kweli mmoja wao alikuwa kipofu, na wa pili siku hiyo alikuwa Kibakwe akimzika shemeji yake. Lakini mengine yote ni kweli tupu, na nilipotia chumvi nimetia kiasi cha mboga kulika tu.

Basi. Zamani za Mjerumani, gari la moshi lilipokuwa bado geni Dodoma na mbuzi wakilikimbia kila linapopiga king'ora, palikuwa na karani pale stesheni jina lake Filipo. Kazi yake ilikuwa kupima mizigo. Ngozi, nta, karanga, samli, ngozi tena. Kutwa nzima alikuwa akipiga chafya kwa vumbi la ngozi, na jioni mkewe alimwambia avulie nguo nje.

Lakini moyo wa Filipo haukuwa kwenye mizani. Ulikuwa Dar es Salaam, katika nyumba ya gazeti la Parapanda, lililotoka kila wiki. Yeye ndiye aliyekuwa mwandishi wake wa michezo kwa Dodoma na Ugogo wote. Askari wakivutana kamba mbele ya boma, vijana wakiparamia mlingoti uliopakwa mafuta na kuteleza kwa matako, punda wakishindanishwa na kugoma katikati ya njia, Filipo alikuwa pembeni na kofia yake, anaandika. Ujira wake ulikuwa gazeti la bure na jina lake chini ya habari: Filipo, Dodoma. Alikuwa akilitazama jina hilo kama mwali anavyojitazama kiooni, akigeuza karatasi huku na huku aone upande upi anapendeza zaidi.

Sasa mwaka huo msimamizi wa gazeti, Bwana Abdulkadiri, alitoa ahadi. Mwandishi atakayeleta habari nzuri kuliko zote ya michezo ya sikukuu ya Kaizari ataitwa pwani, apewe meza yake, kiti chake na mshahara wake. Mwandishi wa Tabora aliahidiwa, wa Morogoro akaahidiwa. Filipo aliposikia, usiku ule hakula. Alikaa akinusa mikono yake.

Shida ilikuwa moja. Gari lililobeba barua za pwani lilipita Dodoma siku moja kabla ya sikukuu. Habari ikingoja gari lililofuata, gazeti limeshachapwa, na watu wa pwani wameshasoma ya Morogoro. Kwa hiyo Filipo alikuwa na desturi yake, ambayo hakumwambia mtu. Aliandika mbio kabla hazijakimbiwa.

Wala haikuwa kazi. Mbio za sikukuu zilitoka boma, zikaenda mpaka Ipagala, zikarudi, na tangu zianzishwe mshindi alikuwa mmoja, Ndahani wa Ipagala, kijana mchunga ng'ombe mwenye miguu mirefu na maneno machache. Filipo alikaa na taa yake akaandika: "Ndahani alitoka kama mshale, na wenzake waliona visigino vyake tu mpaka mwisho. Bibi wa Bwana Mkubwa alisimama akapiga makofi." Akaongeza mawingu mawili matatu, akaongeza vigelegele, akaitia habari kwenye mfuko wa barua. Asubuhi gari likaondoka nayo.

Moshi haujaisha angani, akapita mama mmoja muuza maziwa kutoka Ipagala.

"Karani, hujasikia? Ndahani yuko ndani. Mwiba wa mgunga umemwingia kisiginoni, mguu umevimba, hata mbwa hamsogelei."

Filipo aliiacha mizani na ngozi juu yake.

Alimkuta Ndahani amelala kwenye ngozi ndani ya tembe, mguu umewekwa juu ya kigogo. Mama yake alikuwa akiuosha kwa maji ya majani yaliyochemshwa. Chumba kizima kilinuka.

"Mbukwa, mama," Filipo akasalimu.

"Mbukwa, karani. Umekuja kumwona mgonjwa? Umefanya vizuri. Kaa mlangoni, upepo utakusaidia."

Filipo hakukaa. "Ndahani, ndugu yangu. Kesho unakimbia."

Ndahani alicheka kidogo. "Kwa mguu wa nani?"

"Huo huo. Jina lako limeshaandikwa. Karatasi imekwenda pwani na gari la asubuhi. Imeandikwa Ndahani ameshinda."

Mama alinyanyua kichwa. "Ameshinda lini?"

"Kesho."

Mahali pengine watu wangecheka mpaka waanguke. Ipagala hawakucheka, na usiwacheke wewe. Karatasi ya kodi ya kichwa ilikuja kwanza, ndipo mbuzi wakaenda. Karatasi ya watu wa kuchimba njia ya reli ilikuja kwanza, ndipo watu wakaenda, na wengine mpaka leo hawajarudi. Jumbe wao wa zamani alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, anakunywa uji, karatasi ikaja kusema yeye si jumbe tena, na kabla uji haujapoa ikawa kweli. Karatasi iliyokuja nyuma ya jambo hawakuwahi kuiona. Hivyo mama yule hakuuliza inawezekanaje. Aliuliza jambo moja tu.

"Na asiposhinda?"

Hapo Filipo alikuwa na nafasi ya kusema kweli, nayo kweli ilikuwa fupi: hakuna kitu, ila mimi nitabaki na ngozi zangu. Boma lilikuwa halijui hata hilo gazeti linatoka siku gani. Akavua kofia, akaishika kifuani.

"Asiposhinda, karatasi itakuwa imeongopa kwa sababu yake. Mnawajua watu wa boma. Atapigwa viboko hamsa ishirini. Na hawa ng'ombe watahesabiwa."

Mama alitazama mguu aliokuwa ameushika. Aliukausha taratibu kwa kipande cha kaniki, akaufunga, akakaza fundo.

"Mwanangu," akasema, "kimbia."

Filipo aliondoka na roho nyepesi, lakini hakufika mbali ikawa nzito tena. Mtu wa mguu mmoja hawezi kuwashinda watu wa miwili, hata akiandikwa kwa wino wa dhahabu. Akapita kwa wakimbiaji wengine, mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Kefa, mfyatua matofali wa Makole, kijana mwenye kifua kipana ambaye kila mwaka alikuwa nyuma ya Ndahani kwa urefu wa fimbo. Filipo alimweleza kama alivyowaeleza wenzake: karatasi, pwani, boma, viboko.

Kefa alikuna kichwa kwa mikono ya udongo. "Na mimi karatasi imeniweka wapi?"

"Wa pili."

"Wa pili si pabaya," akasema Kefa, akarudi kwenye matofali yake.

Siku ya sikukuu mvua ilikuwa imenyesha usiku, njia imekuwa matope mekundu. Bwana Mkubwa wa boma alikaa chini ya turubai na nguo zake nyeupe, bibi yake kando. Bunduki ikalia. Ndahani akatoka.

Alitoka akirukaruka kama kunguru aliyepigwa jiwe. Mguu mzima mbele, mbovu ukifuata, na kila ulipogusa ardhi mdomo wake ulifunguka bila kutoa sauti. Nyuma yake walikuja wenzake watano, mabega yamepangana, wanakimbia papo hapo kama watu wanaotwanga. Ndahani akienda hatua, nao hatua. Akisimama kuvuta pumzi, wanasimama, wanatazama angani. Watu wa mjini wakadhani ni ngoma mpya.

Bwana Mkubwa alimwinamia akida wake, akauliza kwa Kiswahili chake kilichovunjika: "Hawa wanazika nani?"

Akida hakujua. Bwana Mkubwa akanyoosha kidole, na askari wawili wenye viboko wakatumwa wakimbie nyuma ya wale watano kuwatia bidii. Hapo ndipo palipokuwa na mchezo wenyewe, jamani. Kiboko kinashuka, mgongo unapinda, mtu anapiga yowe, magoti yanapanda mpaka kidevuni, vumbi lingekuwepo lingetimka, lakini mbele haendi. Hakuna aliyempita Ndahani hata kwa pua. Kiboko walikijua, kinaisha jioni. Karatasi hawakuijua inaishia wapi.

Karibu na kijito Ndahani alianguka kifudifudi. Wote watano wakasimama wima nyuma yake, wakapigwa wakiwa wamesimama. Kefa, damu ikimchuruzika kwenye kiuno, aliinama sikioni mwake.

"Kaka, jikaze. Huku nyuma tunakufa."

Akamwinua, akamfuta matope usoni, akarudi mahali pake pa pili.

Walipofika bomani jua limeshuka na bibi wa Bwana Mkubwa ameshakwenda kuoga. Ndahani alikata kamba kwa kuiangukia. Bwana Mkubwa alimtupia blanketi la ushindi kama mtu anavyofunika mzoga, akasema jambo kwa Kijerumani, nalo mkalimani akaona heri asilitafsiri. Aliyepiga makofi alikuwa mmoja tu. Filipo. Alipiga mpaka viganja vikawaka moto, maana neno moja la habari yake halikuhitaji kubadilishwa. Ndahani alikuwa mbele, na wenzake waliona visigino vyake mpaka mwisho.

Mguu ulikuwa mweusi kabla ya wiki kwisha. Ndahani alibebwa kwa ngozi ile ile mpaka kwa mganga wa boma, akashikwa na watu wanne wenye nguvu, Kefa mmoja wao, ukakatwa chini ya goti. Kelele zake zilifika stesheni. Filipo alikuwa akipima ngozi. Aliandika uzito vibaya, akafuta, akaandika tena.

Gazeti lilishuka siku hiyo hiyo. Jioni watu wakajaa kwenye mkahawa wa Yahaya, na Shaibu, muuza kanga ambaye ulimi wake ulikuwa mrefu kuliko doti zake zote, akasimama kuwasomea kama kawaida.

"'Ndahani alitoka kama mshale!'" Shaibu akasoma, akanyanyua kikombe. "Jamani, ule mlio wa asubuhi mliusikia? Ndio mshale wenyewe unachongwa."

Wengine walicheka, wengine walitazama chini.

"'Bibi wa Bwana Mkubwa alisimama akapiga makofi.' Ewe Bwana Karani, alipigia wapi? Bafuni?"

"Wewe soma kilichoandikwa," Filipo akamwambia. "Kazi yako kusoma."

"Nasoma, bwana. Nasoma nikikuogopa. Siku utakayoniandika mimi nimekufa, nani atalipa sanda?"

Filipo alikuwa akilitazama jina lake, chini kabisa, jeusi, limekolea.

Na kweli ile habari iliwashinda wa Tabora na wa Morogoro. Iliwashinda mno, hata ikawa balaa. Bwana Abdulkadiri alileta neno: anakuja mwenyewe. Wakimbiaji wa pwani walikuwa wakijigamba hawana mpinzani, naye alitaka kumchukua huyo mshale wa Dodoma ashindane nao, Parapanda liandike wiki hata wiki. Kwanza atamwona akikimbia kwa macho yake. Akiridhika, mkimbiaji na mwandishi watashuka naye pwani kwa gari moja.

Filipo alilala siku mbili bila usingizi, ya tatu akaamka na jibu. Kefa alikuwa na miguu miwili, na sura yake pwani hakuna aliyeijua.

"Utakuwa Ndahani," akamwambia.

"Karatasi imesema?"

"Imesema."

"Na safari hii naruhusiwa kukimbia kweli?"

"Kimbia uwezavyo."

Kefa alicheka mpaka makovu ya mgongo yakamvuta. Watu wa mjini nao hawakuwa na shida. Nusu walioambiwa ni mambo ya boma waliogopa, na nusu nyingine, Shaibu mbele yao, wasingekubali kuikosa burudani ile hata kwa kulipwa. Ikabaki Ipagala. Filipo alikwenda, akasimama mlangoni pa tembe. Ndahani alikuwa amekaa ukutani, anachonga gongo la kutembelea.

"Ndahani, kesho kutwa anakuja mgeni. Usitoke nje."

"Karatasi nyingine?"

"Nyingine."

"Inasemaje?"

"Inasema Ndahani ana miguu miwili."

Mama yake alimtazama karani muda mrefu, akatema mate upande. Huenda ulikuwa ugoro tu. Ndahani yeye aliendelea kuchonga.

"Huyo Ndahani wa miguu miwili," akasema polepole, "ningependa sana kumwona."

Filipo alidhani ni mzaha wa mgonjwa.

Bwana Abdulkadiri aliteremka na kanzu, koti na tarbushi nyekundu, mtu mnene mwenye sauti laini, akamkumbatia Filipo mbele ya watu wote bila kujali vumbi la ngozi. Kefa aliletwa mbele, kifua wazi, amepakwa mafuta. Mwanzo ukawekwa kwenye reli, kwenda Ipagala na kurudi, na vijana wawili wakapandishwa punda kumfuata njiani.

Kefa alikimbia. Miaka yote alikuwa amewekwa wa pili, na siku hiyo hapakuwa na wa kwanza wa kumngoja. Aliwaacha punda, na kahawa ya Yahaya ilikuwa bado ya moto alipotokeza tena kwenye upeo wa njia, mikono inakata hewa, uso mzima unacheka. Watu walisahau ni uongo. Walipiga kelele za kweli: "Ndahani! Ndahani!" Shaibu alipiga kelele kuliko wote, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Filipo!" Bwana Abdulkadiri alimshika mabega. "Ulimpunguzia sifa huyu! Funga mizigo yako, ndugu yangu. Kesho tunapanda gari. Meza yako ipo dirishani."

Dirishani! Filipo aliiona meza. Aliuona wino. Akafungua kinywa kushukuru, na hapo ndipo umati ulipopasuka katikati.

Ndahani alikuwa anakuja. Gongo kwapani, mama yake nyuma ameshika blanketi la ushindi, kitambaa kwenye kigutu kimelowa kwa mwendo. Alipita katikati ya watu bila haraka, akasimama mbele ya Kefa, akamtazama toka kichwani mpaka miguuni. Kwenye miguu alikawia.

"Umekimbia vizuri, Ndahani," akamwambia. "Hongera."

"Ahsante," Kefa akajibu, akageuka haraka kutafuta maji ya kunywa.

Bwana Abdulkadiri alikuwa mtu mwenye huruma. Akasogea. "Pole sana, ndugu. Mguu umepatwa na nini?"

"Gari la moshi, bwana," Filipo akadakia. "Alilala relini. Mlevi huyu, usimjali."

"Gari la moshi limekata mtu hapa? Na wewe ni karani wa stesheni, na mwandishi wangu, hukuniandikia?"

"Ni... ni zamani, bwana. Kabla sijaanza kuandika."

Bwana Abdulkadiri alitazama kile kitambaa kibichi, tone likining'inia chini yake, likadondoka. Akamtazama Filipo. Sauti yake ikawa laini zaidi.

"Ndugu," akamwambia Ndahani, "jina lako nani?"

Ndahani aligeuza uso wake taratibu kwa karani, kwa adabu zote, kama mtu anayeomba ruhusa kwa mkubwa wake.

"Bwana Filipo," akasema, "karatasi inasema leo mimi naitwa nani?"

Filipo alitafuta jina kichwani, na majina yote ya Dodoma yalikuwa yamekimbia, limebaki moja tu ambalo siku hiyo halikuwa na mwenyewe.

"Kefa," akasema kwa nguvu. "Huyu anaitwa Kefa!"

Kule nyuma mkimbiaji akateremsha kibuyu kutoka mdomoni, akajifuta kidevu.

"Naam, bwana?"